Copie ya CD ya Ndoa

Bandugu, leo nimejivua nguo mbele ya bakwe. Niko mu cyber hapa Beni, nimejificha, kitambaa ya ndoa ingali kichwani.

Mudogo ya bwana yangu, Kyakimwa, ameolewa leo. Kazi ya muziki nilipewa mimi, kwa sababu niko na CD ya nyimbo za ndoa, ya kweli kabisa, nilinunua Kampala. Lakini na hii vita, kitu unabeba barabarani kinaweza kubaki ku barrière ya askari. Donc nikasema: ya kweli ibaki kwetu Butembo ndani ya valizi, nitabeba copie.

Mama mukwe akakunja uso. "Kufanya copie ya kazi ya mutu ni kuiba."

Nikajibu mbele ya familia yote (mudomo yangu, jameni!): "Mama, nilinunua na franga zangu. Kulinda kitu yangu si kuiba. Ni haki yangu!"

Nikaenda kwa Muhindo, mwenye ordinatere, kompyuta ile. Mashini ikakataa kusoma CD. Muhindo akasema hapana shida: akaipiga ku radio, akaweka mikro mbele, ordinatere ikaanza kukamata sauti. Wimbo ya kwanza tulinyamaza kama mu misa. Kisha groupe, jenereta ya umeme, ikaanza kukohoa, Muhindo akatoka mbio kutafuta mafuta. Nikabaki na rafiki yangu Masika. Tukaongea kidogo. (Nilifikiri mikro inasikia muziki tu. Mimi ni mushonaji, si enjinia.) Muhindo akarudi, akatia sauti ku CD mupya; tulipojaribu copie, tukasikiliza wimbo ya kwanza peke yake. Safi! Nikaenda zangu.

Leo asubuhi, njiani kuja Beni, ku barrière, askari akatoa copie mu saki yangu, akajitazama ndani kama ku kioo, akanyoosha bereti, akanirudishia. Nikageukia mama mukwe na kiburi yote.

"Munaona, Mama? Hata angeichukua, ya kweli iko salama."

Akageuza uso, akatazama barabara.

Mu salle ya ndoa, bibi arusi akaingia na wimbo ya kwanza. Vigelegele! Batu bakakaa. Wimbo ya pili ilikuwa ya mama mukwe: aingie akicheza, kitunga ya zawadi kichwani. Akaingia. Ghafla, ku baffle, ile spika kubwa, nikasikia sauti yangu:

"Masika, uliona mama mukwe akicheza? Kama kuku ametoka mu maji ya moto!"

Kisha kicheko. Kicheko yangu! Mwenye kuchunga mashini alifikiri ni salamu za familia. Akaongeza sauti.

"Na majani yake ya sombe! Chumvi tupu! Kila siku ya Mungu ninamuambiaka, 'Mama, ni tamu,' huku ninaimeza na maji."

Mimi niko nyuma kabisa, sahani kumi mikononi. Niliziacha chini, nikakimbia. Masika, ndani ya baffle: "Nyamaza, batakusikia!"

Na mimi: "Nani atanisikia?"

Bandugu, salle muzima ikageuka.

Nikazima mashini. Mama mukwe alikuwa katikati, kitunga kichwani, muguu moja juu. Machozi ilimulengalenga. Niliiona. Nikapiga magoti.

"Mama, munisamehe."

Akashusha kitunga polepole. "Miaka sita ninakupikia sombe," akasema, "kwa sababu ulisema unaipenda."

Nikashika miguu yake.

"Simama," akasema. "Piga makofi, nicheze."

Akaanza kuimba yeye mwenyewe, bamama bakapokea, salle ikawaka moto. Nilipiga makofi mpaka mikono ikavimba. (Na anachezaka vizuri, nawaapia! Sijui siku ile nilikuwa nasema nini.)

Wakati ya kula, akaniletea sahani yeye mwenyewe. Sombe.

"Hii haina chumvi hata punje," akasema. Akasimama pale, mikono kiunoni, mpaka nikamaliza.

Nimemaliza yote, bandugu.

Tafadhali musicheke. Na hii barua, hata kama ni haki yenu, musiifanyie copie.