Kifuniko cha Jeneza la Mama Mkwe Kiko Baharini

Karakana ya Majeneza ya Tijerino,
Las Garroberas,
Jumatatu, baada ya kifungua kinywa.

Mheshimiwa Meya, Doña Auxiliadora,

Pokea heshima zote unazostahili, wewe na ofisi yako, pamoja na yule karani wako asiyeamka. Mimi ni Nicanor Tijerino, mtengenezaji pekee wa majeneza katika mji huu. Ni mtu wa amani na sijawahi kukusumbua tangu ushike kiti. Leo maji yamenifika shingoni. Naomba uliandikie lile jarida la wasafiri lililouteua mji wetu kuwa mahali pa raha mustarehe kuliko pote kwa wateleza mawimbini na watu wa yoga, uwaambie hatutaki. Sababu zangu ni hizi.

1. Mji umelegea. Tangu uweke kile kibao cha "Hapa Hakuna Haraka" pale njia panda, misumari niliyoagiza wakati wa Kwaresima haijafika. Nikimuuliza Don Eliseo wa duka la vifaa, ananijibu akiwa amefumba macho: "Tulia, Don Nica. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo." Mheshimiwa, jeneza halifungwi kwa pumzi.

2. Watu wanalala kama maiti ilhali hawajafa. Mwezi wa pili nilipita kwenye banda la Bi Solveig, yule mwalimu wa yoga aliyetoka nchi za baridi, nikakuta watu kumi na wawili wamelala chali, viganja juu, hakuna anayetikisika. Macho yangu unayajua, na miwani nilikuwa nimeiacha karakanani. Nilivua kofia, nikapiga ishara ya msalaba, nikamtuma mpita njia akamwambie Padri Crisanto agonge kengele ya msiba. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, nikatoa futi yangu nikaanza kupima kuanzia yule wa karibu. Nilipofika kwenye mabega akafungua jicho moja, akaniambia kwa Kihispania chake cha kuokoteza: "Asante sana, mzee. Endelea."

Wakati huo nusu ya mji imeshafika inalia, na akina mama wamebeba maua na nacatamal za matanga, ule unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwa majani ya mgomba. Wageni wakadhani wanakaribishwa. Walikula zote, Mheshimiwa, mpaka majani wakalamba. Tangu hapo Bi Solveig ananiita kila Ijumaa niende kuwapima, eti wakiguswa na futi wanapata utulivu. Wamepimwa mara tisa, na hakuna aliyeonyesha nia.

3. Nafika kwenye jambo zito. Unamfahamu mama mkwe wangu, Doña Otilia, miaka themanini na moja. Tangu mzee wake afariki alilala ameuelekea ukuta miaka miwili, hali kitu ila vijiko viwili vya uji, na kila mwezi aliniita: "Nicanor, mwanangu, njoo unipime tena, nahisi nimepungua." Nilimtengenezea jeneza la mbao nyepesi, ili wabebaji wasiumie, na kifuniko chake nilikichonga mviringo mbele na nyuma, nikakipiga msasa siku nne. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Alikuwa analipapasa jeneza lile kila Jumapili huku mke wangu Melania akienda kulilia jikoni.

Basi Bi Solveig alikuja kumsalimu. Akamwambia anyooshe mguu mmoja. Akaunyoosha. Kesho yake wa pili. Wiki ya tatu nilimkuta mama mkwe amesimama kichwa chini miguu juu, ukutani palepale alipopachagua kufia, akaniambia kutoka huko chini: "Mwanangu, kwa nini hukuniambia kwamba dari imevuja?"

Baada ya hapo akaja karakanani, akakitazama kifuniko.

"Nakichukua."

"Mama, hicho ni cha jeneza lako!"

"Ni changu au si changu?"

"Ni chako, lakini..."

"Basi lakini yako itie gundi ukae nayo."

Akakibeba kichwani hadi baharini. Kinateleza, Mheshimiwa. Vijana wenye mbao za kiwandani wanamezwa na wimbi, yeye anapita juu yake amesimama, sketi ameifunga kiunoni, anawatukana. Amejaa mabega kiasi kwamba jeneza halimtoshi tena.

4. Mazishi ya Don Fulgencio. Siku ile kifuniko cha mama mkwe kilikuwa kimepasuka ncha, naye bila kuuliza akachukua cha marehemu. Jeneza likatoka kanisani wazi. Ilibidi msafara mzima ugeukie ufukweni, na marehemu akiwa mabegani, tukasimama mchangani tunamsubiri Doña Otilia atoke majini. Padri alimpungia mkono. Naye akampungia, akarudi kufuata wimbi lingine.

Alipotoka hatimaye, mjane, Doña Berta, aliyekuwa hajafunga mdomo kwa kilio siku tatu, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. "Ee Fulgencio," akasema, "miaka hamsini uliniambia bahari ni ya wanaume." Padri akanyunyiza maji ya baraka kwenye kifuniko kilicholowa, akanong'ona kwamba hiki kimeshabatizwa. Tukazika. Jumatano yake mjane alikuwa mlangoni kwangu anataka kifuniko, bila jeneza.

5. Tangu Don Fulgencio, hakuna anayekufa. Sitaki kulifafanua hili, lisije likaeleweka vibaya.

Kwa hiyo naomba jarida liandikiwe tujiondoe. Kibao kibadilishwe kiwe "Hapa Tuna Wasiwasi". Na yeyote aliyezidi miaka sabini na tano asiingie majini bila barua ya mtengeneza majeneza wake. Haya si makubwa kwa serikali inayojali ufundi.

Nisalimie mumeo, watoto, mama yako na goti lake, na wote wa barazani kwako, hata walionipigia kura ya hapana kwenye kamati ya sherehe.

Wako anayehangaika,
Nicanor Tijerino

Baada ya kusaini: Sasa hivi Melania ameingia mbio kuniambia kwamba wale jirani zetu wa mji wa Punta Jícaro nao wamepeleka jina lao kwenye jarida, wanataka cheo hiki mwakani. Mheshimiwa, hilo lisitokee hata kwa dawa! Watu wale hawajui kutulia, na wimbi lao halifiki magotini. Barua hii ichane. Waite madiwani leo hii, na ukikosa mtu wa kwenda kuutetea mji wetu, mimi na mama mkwe tumeshafunga mizigo.