Saa Kumi na Robo ya Avelina

Jumatano, 7 Januari 2026
Mbinga nzima hakuna mzee aliyepanda ndege kunizidi. Haya, sijapanda. Niliwahi kushika uzio wa uwanja wa Songea, mlinzi akanifukuza.

Lakini ndugu zangu hawajui! Mjukuu wangu Avelina, nesi huko Ujerumani, anatua keshokutwa. Miaka sita sijamwona. Kwenye gari la dereva wetu Tadei nafasi ya mpokeaji ni moja tu, na mpokeaji ndiye atakayepata shikamoo ya kwanza. Nikawaambia ndege nazijua kama kuku wangu. Wamenipa mimi! Mdogo wangu Kilian kanuna. Karani mstaafu wa parokia, anadhani kila karatasi ni yake.

Alhamisi, 8 Januari
Tiketi imeingia kwenye simu ya mke wangu Luisa. Kuondoka Frankfurt leo, 19:30. Dar kesho, 06:30. Songea 10:15.

Nimekokotoa. Kumi na tisa toa kumi na mbili, saba. Anaondoka saa saba na nusu mchana, anafika Dar saa sita na nusu mchana. Masaa ishirini na matatu angani! Nimeshtuka mpaka nikakaa chini. Miguu ya mtoto itavimba kama mihogo! Halafu Songea, saa kumi na robo jioni.

Kilian kaja, kalamu sikioni. Eti ni masaa tisa tu. Eti saa za tiketi ni za Kizungu, 10:15 ni saa nne na robo asubuhi. Eti Ujerumani wako nyuma yetu masaa mawili. Jua lao linatembea kwa miguu? Nimecheka hadi meno ya bandia yakaangukia kwenye uji. Kilomita karibu elfu saba kwa masaa tisa! "Kaka, utaaibika," akasema. Nikamjibu kumi ni kumi, hata Ulaya. Tadei nimemwambia aje saa saba mchana.

Ijumaa, 9 Januari
Jamani! Nimefika Songea saa tisa, koti la harusi, maua mkononi. Uwanja mtupu. Mtupu kabisa!

Mlinzi kaniamkia vizuri, akasema ndege ilitua saa nne na robo, ikaondoka. Nikauliza kwa nini iliwahi. Akauliza, "Babu, saa ulisoma ya wapi?" Hapo simu ya Tadei ikalia. Luisa. Avelina yuko kwa Kilian, anakula samaki mbasa wa kuchoma! Mshenzi yule alidandia basi la alfajiri, kimya kimya, akampokea.

Njia nzima Tadei alicheka. Hata kwenye kona.

Jumamosi, 10 Januari
Shikamoo yangu imekuwa ya kumi na nne. Hata jirani Vitalia kanitangulia! Avelina kanikumbatia, kacheka mpaka machozi. Anasema kweli, masaa tisa, na mengi alilala.

Kosa nimeliona: ndege za siku hizi zina haraka. Kurudi anaondokea Songea Jumatatu ya tarehe 19, 11:00. Saa kumi na moja jioni, hesabu safi. Kumpeleka nitampeleka mimi. Tadei nimemwambia tutakula mchana taratibu.

Avelina, najua unachungulia daftari hili. Ulipougua surua nilikubeba mgongoni kutoka kijiji cha Mapera hadi hospitali, mvua inanyesha, ukanitapikia shingoni. Sikudai kitu. Sasa naomba kidogo: ukitua huko Frankfurt, piga kwa Luisa, uniulizie mimi, kabla hujampigia Kilian.