Nani Atasalimu Kwanza Mlimani Ostrec

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepanda Ostrec kwa dakika arobaini na tatu. Si haba kwa mtu wa miaka sitini na saba. Mlima ni mfupi, lakini umesimama wima, na mizizi ya misonobari inakutega kila hatua. Kileleni nimesaini kitabu kwenye sanduku la bati. Mara ya 230 tangu Januari. Kaka yangu Bogomir ana 231. Ana miaka sabini na moja, nyonga mbovu, fimbo mbili, na bado ananizidi moja!

Tumepishana njiani, mimi napanda, yeye anashuka. Sheria ya mlima kila mtoto wa hapa anaijua: anayeshuka anasimama pembeni na kusalimu. Bogo akasimama pembeni na kutazama miti. Miti hiyohiyo, mwaka wa tisa sasa. Eti mdogo ndiye anayepaswa kumsalimu mkubwa. Eti!

Chanzo ni kalibu ya udongo ya marehemu mama, ya kuokea potica, keki yetu ya jozi ya kuviringishwa. Mama aliniahidi mimi. Bogo anasema alimwahidi yeye. Siku ya mazishi niliitoa nyumbani chini ya koti. Mimi sijui kuoka hata mkate. Iko juu ya kabati, imejaa soksi. Lakini haki ni haki.

Binamu yetu Zofka, mwenye kibanda cha chai kileleni, ameniambia Bogo atapasuliwa nyonga Jumatatu ijayo, Ljubljana. Daktari amesema huenda akapanda tena kiangazi, huenda asipande kabisa. Nikamjibu kwamba hayo hayanihusu. Supu yake ya maharage haikuwa na ladha. Nilipomwambia, akasema ni ileile niliyoramba bakuli lake jana.

Uamuzi: Bogo lazima aseme nami kabla ya Jumapili. Sitaki alazwe pale hatujasemezana. Lakini aanze yeye.

Jumanne, 15 Oktoba

Mpango wa kwanza. Safi kabisa.

Chini kidogo ya kilele njia ni ya mtu mmoja tu: mwamba huku, bonde kule, na waya wa chuma wa kushikilia. Nikakaa katikati nikasubiri Bogo ashuke. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Angetaka kupita ingembidi aseme neno, japo "samahani".

Akafika. Akasimama. Nikafunga. Akasimama. Nikafungua, nikafunga upya. Dakika kumi na moja! Nyuma yake ikajipanga kwaya nzima ya wastaafu, wanawake kumi na wanne. Kiongozi wao, Bi. Hermina, akauliza kwa sauti kama nimepata kiharusi. Nikasema niko salama. Hakuamini. Wawili wakaninyanyua kwa makwapa wakaniweka pembeni kama gunia la viazi. Kwaya ikapita, kila mmoja akanisalimu. Salamu kumi na nne! Bogo akapita wa mwisho, anapiga mluzi.

Nimesaini: 231. Yeye 232.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nimepanda hata hivyo, maana na yeye amepanda. Nimeona alama za fimbo zake kwenye matope. Amepumzika kila kona. Zamani alikuwa hapumziki popote. Sikupenda kuziona alama zile.

Mpango wa pili ni wa akili zaidi. Bogo hawezi kuacha kosa lipite. Aliwahi kumsahihisha padri katikati ya mahubiri. Kwa hiyo kitabuni, kando ya jina langu, nimeandika: "Mvua. Kukiwa na jua, kutoka hapa naona madirisha manne ya nyumba ya mama, upande wa mtoni." Ni matano. Najua ni matano. Kesho atanitafuta mwenyewe!

Zofka amesoma juu ya bega langu. Amesema yeye ana mbuzi wawili nyuma ya kibanda na wana akili kutuzidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hakunitafuta. Amejibu kitabuni, chini ya maneno yangu, kwa ile kalamu yake inayotoboa karatasi: "Matano."

Neno moja. Nimemuuliza Zofka kama maandishi yanahesabika kuwa mazungumzo. Amesema hapana, lakini kama ninataka anaweza kunikatia ukurasa huo nikalale nao. Nimekataa.

Ni neno la kwanza kutoka kwake tangu mazishi. Nimelisoma mara kadhaa. Nimeshuka polepole, goti halikuuma.

Mimi 233, yeye 234.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku ya aibu.

Mpango wa tatu: kifundo cha mguu. Hapa kwetu hakuna anayempita majeruhi mlimani, hata awe adui yake. Nikafunga bendeji, nikajilaza kwenye kona ya benchi la kwanza na kulalama kwa kiasi. Bogo angeinama, angeuliza, "Umeumia wapi?" Basi, yamekwisha.

Kabla ya Bogo akatokea msichana mmoja anayekimbia na simu mkononi. Nikamwambia aendelee na safari yake, simhitaji. Akaona nimechanganyikiwa kwa maumivu. Baada ya nusu saa wakaja waokoaji wa milimani, wanne, na machela. Mmoja wao ni Rok, mkwe wa Bogo! Wakanifunga mikanda hadi kidevuni.

Tukamkuta Bogo chini, kwenye maegesho ya magari, ameshashuka kwa njia ya nyuma. Akanitazama juu ya machela. Hakunisemesha mimi. Alimwambia Rok: "Muulize huyo mgonjwa wako ni mguu upi."

Nikaonyesha wa kushoto. Bendeji ilikuwa mguu wa kulia.

Bogo akaguna, akaingia kwenye gari. Rok akanifungua mikanda, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Na sijasaini! Nimebaki 233, yeye 235.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sijapanda. Mji mzima unaniuliza habari za mguu. Mwenye duka la mikate ameniuliza habari za miguu yote miwili.

Imebaki siku moja. Nimeshusha kalibu kutoka kabatini, nimetoa soksi, nimeiosha mara tatu. Nitaoka potica. Bogo akisikia harufu hiyo atasema neno, hana ujanja. Mama alikuwa akiioka, Bogo anasimama mlangoni pa jikoni saa nzima, na mimi nyuma yake kwa sababu alikuwa mrefu na hakunipisha.

Jirani amenielekeza: kanda unga, sukuma uwe mwembamba kama shuka, paka kokwa za jozi zilizosagwa na asali, viringisha, oka. Maelezo mepesi. Unga wangu ukawa mnene kama blanketi. Potica imeungua nje na ndani ni mbichi. Nimeoka ya pili. Hiyo ni mbichi nje pia. Nitapeleka ya kwanza.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetoka mapema niwe wa kwanza kileleni. Kalibu na potica yake mgongoni, imefungwa kwa sweta. Juu kulikuwa kweupe. Ukungu umejaa bondeni, milima ya kaskazini imevaa theluji mpya, na ukungu ulipofunguka kidogo likatokea paa la nyumba ya mama. Nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimepanga kila kitu: yeye anafika, mimi natazama miti, harufu inafanya kazi.

Nikamsikia kabla sijamwona. Fimbo, kimya, pumzi. Fimbo, kimya. Akafika kwenye waya na hapo akakwama. Kuna jiwe moja la mwisho, la kuinulia mguu hadi usawa wa goti. Akajaribu mguu wa kulia. Akajaribu wa kushoto. Fimbo moja ikamponyoka ikaanguka bondeni, na niliisikia ikigonga miamba kwa muda mrefu.

Nilitazama miti. Naapa nilijitahidi. Lakini yule ni Bogo, na alikuwa amebaki na waya na fimbo moja. Nilimwogopea. Basi, nimeliandika.

Nikasema: "Bogo, lete mkono."

Akaleta. Mkono ni uleule, mkubwa, mgumu, uliokuwa ukinivuta utotoni. Safari hii nilimvuta mimi. Tukakaa kwenye benchi hadi pumzi ikarudi. Ukungu ulipoondoka akaelekeza kidole kwenye nyumba ya mama, akasema, "Hesabu." Nikahesabu kwa sauti. Matano. Akasema, "Haya, mdogo wangu, umeona?"

Nikafungua sweta. Akaitazama kalibu, akaitazama potica. Akala kipande kizima. Akasema kimeungua, ni kibichi, na mama angelia. Akaomba kingine. Nikamuuliza kwa nini basi alikasirika miaka yote hii, maana yeye pia haoki. Akasema hakuitaka kalibu. Alitaka nimuombe.

Hapo Zofka akatoka na chai, akaiona kalibu, akapiga kelele kwamba shangazi alimwahidi yeye! Mama yetu huyu! Tumemwachia, jiko analo.

Bogo akasaini kitabu: 237. Mimi 234. Nikamshika mkono hadi chini, akalalamika njia nzima kwamba namvuta vibaya. Tumetumia saa moja na dakika ishirini. Sijawahi kushuka Ostrec vizuri namna hii.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bogo kapelekwa chumba cha upasuaji saa mbili. Nimepanda. Sikuweza kukaa nyumbani.

Kileleni nimefungua kitabu. Kumbe jana, kando ya jina lake, aliandika: "Ciril alisalimu kwanza."

Nani alisalimu? "Lete mkono" si salamu! Ni agizo! Miaka tisa nimevumilia, halafu anaandika uongo mbele ya mji mzima, ananiachia na kwenda kulala hospitalini!

Nimesaini 235. Nikashuka hadi chini kabisa. Nikapanda tena, goti likiuma, kwa niaba yake, ili asipoteze siku. Mara ya pili nimesaini Bogomir, 238, kwa mwandiko wake, kalamu nikiikandamiza hadi karatasi ikatoboka. Imetoka vizuri sana. Imetoka vizuri hata nikaongeza, kwa mwandiko uleule, chini ya ule uongo wa jana: "Nakiri si kweli. Nilianza mimi. Na ni madirisha manne."

Saa nane binti yake, Tjaša, amepiga simu kutoka hospitalini. Nilikuwa nimekaa na simu mapajani tangu saa saba. Upasuaji umekwenda vizuri. Baba ameamka, na kitu cha kwanza ameuliza kama Ciril kapanda. Nikasema mwambie nimepanda mara mbili. Tena mwambie kuna jambo limeandikwa kitabuni juu yake, zito, haliwezi kusemwa kwenye simu, sharti aje alisome mwenyewe.

Nikamsikia Tjaša akimweleza. Nikamsikia mzee akinitukana kutoka kitandani, sauti yake yote ipo.

Kitabu kina kurasa za kutosha hadi Agosti, nimehesabu. Zofka nimemwapisha asimwambie. Kila siku nitapanda mara mbili, na kiangazi atapanda yeye, hata kwa kutambaa. Mimi nitakuwa pale kwenye benchi, natazama miti, hadi anisalimu.