Nimewaombesha Watu Dua Mahala Sipo

Leo nimeadhirika, jamaa zangu, na nasimulia mwenyewe kabla mama hajalifikisha jambo hili Darsait nzima, mtaa wetu hapa Maskati.

Mnajua nimeposa. Jawabu halijatoka. Mama wa msichana, Bi Zuwena, mzaliwa wa Tabora, ana shaka na sisi watu wa Unguja. Anasema tuna maneno mengi kuliko vitendo. (Uzushi mtupu.) Basi mama yangu akapanga tumtembeze Qalhat, ule mji wa kale uliobomoka pwani, njia ya kwendea Sur, ili apate kuniona nilivyo.

Nikavaa kanzu mpya. Tangu Maskati mpaka tunapita Qurayyat ni mimi tu natoa darsa: wafalme, biashara, farasi waliopelekwa Bara Hindi. Mama ananifinya. Bi Zuwena anaitikia "Ehee" basi.

"Na kaburi la yule bibi aliyeutawala mji unalijua?" akauliza.

"Kama ninavyoijua nyumba yetu." (Sijawahi kufika.)

Tulipofika nikaona jengo la mawe, paa limeporomoka nusu, ndani kiza. Pembeni pana kibao. Mimi wa kusoma vibao? Nikavua viatu kwa heshima. Mawe yanaunguza kama chuma cha chapati, lakini mtu anayetaka mke halalamiki.

"Hapa ndipo alipolala," nikasema. "Tumsomee."

Nikasoma Fatiha kwa sauti. Nikaunganisha na Yasini. Familia moja iliyokuwa ikipita ikasimama nyuma yetu, baba yao akainua mikono. Nilipoona nimepata jamaa ya kuniitikia, nikaingia kwenye dua kwa nguvu zote: Mola amrehemu bibi huyu, amkunjulie kaburi lake, alitie nuru. Machozi yakanitoka, ya kweli kabisa (nusu yake ya nyayo). Mama analia. Watu wanaitikia amin.

Kugeuka, Bi Zuwena simwoni. Yuko penye kibao, miwani puani, anasoma polepole.

"Mwanangu, umemsomea nani?"

"Yule bibi, mama."

"Hapa wameandika birika la kuhifadhia maji. Watu wa mji wakiteka humu. Kaburi ni lile kule juu."

Yule baba akashusha mikono, akanitazama, akakusanya wanawe wakaenda zao. Mama akajifunika mtandio uso mzima.

Mimi sikuondoka pale. Nikasema, "Maji ni neema. Na wote waliokunywa humu ni marehemu. Dua imefika." (Nayasema haya nimesimama mguu mmoja, kisha mwingine.)

Tukapanda mpaka kaburini, Bi Zuwena akasoma Fatiha yeye mwenyewe, tukarudi garini. Njia nzima mama hakuutoa mtandio usoni. Nikajua posa imekwenda na maji.

Tunakaribia Maskati, akamwambia mama kama vile mimi simo garini:

"Mwanao hajui kitu, dada yangu. Lakini nimefikiri. Kijana anayelililia birika namna ile, hatamtupa mwanangu. Leteni wazee Ijumaa. Ila siku ya harusi dua asiombe yeye."

Haya, chekeni mpaka mbavu ziwaume. Mimi naoa.