Chubwi, Gololi na Kona Yangu ya Jua

Jumatatu, 3 Agosti 1998
Amne mwanangu, tangu Idi hujakanyaga hapa! Pinetown unakoishi imekuwa Uchina? Haya, nakuandikia humu daftarini. Shule sikwenda, lakini herufi alizonifundisha marehemu babako kwenye mifuko ya unga zinatosha kukusema.

Leo Gadiel, mpangaji wetu anayesomea fizikia chuoni kule Berea, kasema kizito na chepesi huanguka sawasawa. Nimecheka hadi chai ikanitoka puani. Kumbe Mgiriki mmoja wa kale alisema kama mimi: kizito hutangulia. Watu wakamwamini miaka elfu mbili. Mzee mwenye akili! Kisha Mtaliano akaja kuchokoachokoa.

Marie-Louise, mshonaji wa chumba cha pili, kamuunga mkono Gadiel. Namjua. Anataka kona ya kibaraza yenye jua, aweke cherehani. Kona YANGU! Pale ndipo ninapokaa kitini kutazama teksi zikishusha watu, labda wewe umo. Tumekubaliana: atakayeshinda Jumamosi, kona yake.

Nimeangusha mchi na mwiko. Mchi umetangulia! Gadiel adai nimeuachia kwanza. Mkono ulichoka! Kigae kimepasuka.

Jumatano, 5 Agosti
Gadiel kaleta gololi na ubao mrefu wenye mfereji katikati, kauinamisha kidogo. Eti kuanguka ni haraka mno, jicho haliwahi, ndiyo maana Mtaliano alitumia mteremko. Na saa? Bomba la bafuni linalovuja, nililolilalamikia mwaka mzima. Tone, tone, tone.

Machano, jamaa yetu mvuvi wa Bluff, kaniletea chubwi la risasi la kuzamishia mshipi, duara kama gololi ya kioo ya Gadiel. Zito hilo! Kona ni yangu.

Alhamisi, 6 Agosti
Wote wametoka. Nimejaribu peke yangu. Chubwi limefika mwisho kwa matone matatu. Gololi, matatu. Eish! Nimerudia mara kumi na mbili. Wali umeungua.

Halafu nikaweka alama kwa unga. Tone la kwanza, gololi imekwenda shubiri moja. La pili, shubiri tatu zaidi. La tatu, tano zaidi. Chubwi vilevile! Moja, tatu, tano. Nani aliifundisha gololi kuhesabu? Nimekaa sakafuni nikiitazama kama mtoto mchanga aliyecheka mara ya kwanza. Ningemuuliza Gadiel, lakini angejua nimeona.

Nimemwita Machano.

Ijumaa, 7 Agosti
Machano kaziba bomba kwa mpira wa ndala. Kimya! Hakuna tone, hakuna saa, hakuna shindano. Marie-Louise kanishukuru, eti nimemhurumia usingizi wake. Moyo umenichoma. Kidogo tu.

Jumamosi, 8 Agosti
Gadiel kashika kichwa. Nami nikatikisa changu kwa huzuni. Marie-Louise akasema hapana shida, tutaimba na kupima kwa makofi. Nilisahau ni mwanakwaya! Makofi yake yamenyooka kuliko bomba. Chubwi limegonga mwisho kwenye kofi la tano. Gololi, la tano. Nikasema wimbo wa kanisa umeisukuma. Akapiga makofi matupu. La tano!

Nimelia jikoni, nikisingizia kitunguu. Marie-Louise kanifuata. Nikamwambia kweli: kutoka chumbani sitamwona Amne akishuka. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha kwao, nani kasema kiti changu kiondoke. "Mama, kiti iko mahali yake!" Yeye atashona, mimi nitatazama barabara na kumsimulia. Nikamkumbatia, kisha nikamgombeza kwa kunichelewesha kupika.

Jumapili, 9 Agosti
Niko konani. Cherehani inatetemesha chai yangu. Nimefikiri sana. Ule ulikuwa mteremko! Mgiriki alisema kuanguka. Tumeonewa, yeye na mimi.

Tuko ghorofa ya nne. Nimeficha madumu mawili nyuma ya kopo la mchaichai, moja limejaa maji, jingine tupu. Marie-Louise hajui.

Ukija Jumapili ijayo, usipande ngazi kwanza. Simama chini kabisa ya kona hii, utazame vizuri lipi linatangulia. Kisha ruka pembeni.