Togwa Iliyorudi Nyuma Uani kwa Elia

Vijana mtakaosoma hapa, kaeni vizuri na mfunge midomo. Leo nimeumbuka. Mimi ninayefukuza walevi uani kwangu kwa fimbo, nimemmwagia mkwe pombe masharubuni, mchana kweupe.

Ilikuwa posa ya mjukuu wangu Neema, mjini kwa baba yake, mwanangu Elia. Elia alitaka kununua kreti za bia. Nikamkatalia. Babu wa kijana anayeposa ni mzee wa kanisa, na alishatuma neno kwamba kwenye nyumba ya pombe ukoo wake hauoi. Nikasema nitaleta togwa, kinywaji chetu cha nafaka kisicholevya. Nikaipika jana, nikafunga dumu la lita ishirini mpaka kiganja kikauma.

Nimetoka mlimani alfajiri na masweta mawili (Julai hii, mnaijua). Kwa Elia nikaliweka dumu uani. Sasa ule ua! Tangu mambo yawe ruksa, kila mwenye duka anapandisha ghorofa. Pande tatu za Elia ni kuta ndefu, upepo hauna pa kupita. Mbele limesimama jengo jipya la vioo, limepinda kama ungo. Linazoa jua lote la Arusha na kulimwaga pale pale. Saa nne nikavua sweta la kwanza. Saa tano la pili. (Mtu mwenye akili angejiuliza na togwa inajisikiaje.)

Mke wa Elia akaniambia kwa adabu, "Mama, hapa uani panapika. Tuliingize dumu ndani."

"Nilikuwa napika togwa wewe hujazaliwa," nikamjibu. Kwetu mlimani togwa hukaa siku mbili bila kubadilika.

Saa nane wageni wakafika. Neema hata macho hainui. Nikaagiza dumu liletwe sebuleni. Limevimba kama ng'ombe aliyekula majani ya umande! Mke wa Elia akanitazama. Nikajifanya sioni. Nikazungusha kifuniko mwenyewe, mbele ya watu wote.

Puu! Kifuniko kikagonga dari. Togwa ikaruka ikatua kwenye suti ya mzee wa kanisa, kwenye miwani, kwenye masharubu. Harufu ikajaa sebule, kama kilabu cha pombe. Neema akaanza kulia.

Mzee akalamba masharubu. Taratibu. Akalamba tena.

"Mama," akasema, "togwa yako ilikuwa imeokoka. Jua la mjini limeirudisha nyuma."

Nikamweleza kuta, vioo, ungo. Nimeeleza mpaka jasho likanitoka. Akasema anaujua ua wa namna hiyo, wa kwake unakausha nguo kabla hazijakamuliwa. Kisha akacheka, na posa ikapita. (Kikombe nacho kilipita kwake, mara mbili. Sikuona kitu.)

Nimerudi nyumbani jioni, nikawakusanya wajukuu wote na kuwaamuru: togwa ya mjini itakaa pale atakapotaka mke wa Elia, na atakayeniita Bibi Kilabu atalala zizini.