Siku ya Kuzinduliwa Ubao Mkuu wa Taarifa

(Kumbukumbu za hafla, ukumbi wa halmashauri ya mji, kuanzia saa nne asubuhi. Nimeziandika mimi, karani wa kumbukumbu, kwa agizo la Mkurugenzi wa Uhabarishaji wa Wakazi: kila neno liandikwe, hata koma, na vifijo vya watu viwekwe kwenye mabano ili vizazi vijavyo vijue alivyoshangiliwa. Nami ni mtumishi mtiifu.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepatwa na udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye amepatwa na udhuru uleule. Waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuunganisha kamati kuu na kamati ndogo. Ndugu wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, na wale wanaowakaimu makaimu. Mabibi na mabwana mlioketi. Mabibi na mabwana mliosimama kwa kuwa viti vilivyo wazi ni vya watu ambao hawajafika. Mke wangu mpenzi, uliyekaa mbele. Mama mkwe wangu, uliyekaa mbele zaidi. Na nyinyi wakazi wa kawaida, ambao bila nyinyi tusingekuwa na wa kumhabarisha: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka basi ajihesabu amezingatiwa kiutaratibu. Hamjambo?

(Hatujambo, kwa uvivu. Mama mkwe anapiga makofi peke yake.)

Nimesimama mbele yenu leo, si kwa kupenda kusimama, maana wanaonifahamu wanajua ninavyokithamini kiti changu, bali kwa sababu historia imenisimamisha, na historia ikikusimamisha huwezi kuiambia nina maumivu ya mgongo. Nimesimama kuzindua mradi ambao kwa lugha ya kitaalamu tunauita Inisheti Jumuishi ya Kistrateji ya Uhabarishaji Endelevu wa Stekiholda wa Ngazi ya Chini, na kwa lugha yenu ya huko mitaani unaweza kuitwa Ubao Mkuu wa Taarifa, ambao mnauona hapa kando yangu umefunikwa kwa kitambaa cha buluu, umesimama wima, mrefu kuliko mimi, na hilo pekee linaonyesha unyenyekevu wangu.

(Kicheko kidogo. Kipaza sauti kinalia kama mluzi. Fundi wa umeme anakipiga kofi, kinatulia.)

Kabla ya mimi kuteuliwa, ndugu zangu, hali ya taarifa katika mji huu ilikuwa ya kusikitisha! Mtu alikuwa anajua maji yamekatika kwa kufungua bomba! Nauliza, hiyo ni sistimu? Mimi nikasema hapana, mkazi lazima ajulishwe kwa maandishi, na ndiyo maana taarifa ya kukatika maji mwezi wa pili ilitoka mwezi wa tano, ikiwa kamili, imegongwa mhuri, haina kosa hata moja la tahajia.

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Mheshimiwa, samahani." Ni mama fundi cherehani wa vibanda vya ukuta wa soko. Miaka kumi na moja anashona sare za shule pale, futi ya kupimia shingoni, hata leo amekuja nayo. Anasema: "Mlango wa kibanda changu umepakwa X nyekundu tangu juzi. Na wa jirani yangu, na wa jirani yake. Nimezunguka ofisi tatu kuuliza maana yake, kote naambiwa watu wapo kwenye maandalizi ya uzinduzi. Kuuliza si ujinga. Hiyo X ni ya nini?")

Mama yangu, hilo ni swali zuri sana, na uzuri wa swali zuri ni kwamba haliozi, linaweza kungoja. Ofisi zote zimefungwa leo ili watumishi wote wahudhurie uzinduzi wa kuboresha huduma za ofisini, kwa hiyo hata ukienda sasa hivi hutamkuta mtu, wote wako hapa, wanakupigia makofi. Maswali yametengewa dakika mbili mwishoni, ikiwa muda utaruhusu, na muda ninao mimi.

(Mama hakai. Fundi seremala aliye pembeni yake, jirani yake wa kibanda, anamvuta kitenge polepole: "Shemeji, kaa kwanza. Tumsikilize." Anakaa.)

Nikirudi kwenye takwimu, maana kiongozi bila takwimu ni mpiga soga tu: utafiti tulioufanya sisi wenyewe, kuhusu sisi wenyewe, unaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wakazi wameridhika na huduma zetu, na asilimia mbili waliobaki tunaendelea kuwaelimisha. Kisanduku cha maoni pale getini kina miaka minne, na katika miaka hiyo minne hakijapokea lalamiko hata moja. Hata moja! Nitajieni mji mwingine wenye rekodi hiyo!

(Dobi mmoja anapaza sauti: "Hakina tundu hicho!" Ukumbi unacheka.)

Tundu ni awamu ya pili. Halafu kuna namba ya simu ya dharura, ile iliyoandikwa kwenye bango hapo juu yangu, ambayo mkazi anaweza kuipiga saa yoyote, mchana wa jua au usiku wa mvua, mara tu tarakimu ya mwisho itakapopatikana. Na ikipatikana mtaijulia wapi? Kwenye Ubao! Mnaona mambo yanavyoshikana? Hii ndiyo inaitwa fremuweki.

(Makofi kutoka safu ya wakuu wa idara. Makaimu wanafuata. Wanaokaimu makaimu wanamalizia.)

Sasa naona nyuso zinauliza, je, ubao huu unaanza kazi leo? Wapi! Sisi si watu wa kuanza leo. Ubao huu umekuwa kazini miezi sita, kimyakimya, kwa majaribio, kwenye korido ya ndani, na matangazo yote makubwa ya mji huu yamebandikwa humo kwa mujibu wa sheria ndogo ya halmashauri, kifungu cha tisa, ambacho ninakijua kwa moyo kwa kuwa nilikuwa kwenye kamati iliyokitafsiri: mkazi anayeguswa na tangazo ana siku thelathini za kuweka pingamizi, kuanzia siku tangazo lilipobandikwa kwenye Ubao.

(Fundi seremala anasimama: "Lakini mkuu, korido ya ndani ina mlinzi, haturuhusiwi kuingia. Si mngetuma hata mtu apite mitaani atuambie?")

Fundi, fundi, fundi. Mwenye macho haambiwi tazama! Taarifa ya mdomo si taarifa, ni umbea. Sheria iko wazi kama mchana: tangazo ambalo halijabandikwa kwenye Ubao si tangazo, ni karatasi tu ya kufungia misumari. Likibandikwa umeambiwa, lisipobandikwa hujaambiwa. Karani, hilo umeliandika?

(Nimeliandika.)

Na ili msidhani ninauza mbuzi kwenye gunia, tutafanya pailoti hapa hapa, mubashara. Karani, nipe faili la matangazo. Usichague, nipe la juu kabisa, lolote litakalotokea, mimi sina cha kuficha.

(Nikampa la juu kabisa. Faili hilo nalipanga mimi.)

Nasoma: "Wenye vibanda vyote vya ukuta wa soko mnajulishwa kwamba vibanda vyenu vitawekewa alama ya X nyekundu na vitabomolewa siku ya pili baada ya muda wa pingamizi kwisha, saa moja asubuhi, ili kupisha maegesho ya magari ya wageni wa halmashauri. Mwenye pingamizi alete barua ndani ya siku thelathini tangu tangazo hili lilipobandikwa kwenye Ubao Mkuu wa Taarifa." Yaani mwisho wa pingamizi ulikuwa jana saa tisa na nusu alasiri, na kubomoa ni kesho. Limegongwa mhuri. Hakuna kosa la tahajia. Mama yangu wa cherehani, uko wapi? Swali lako limejibiwa hata kabla ya kipindi cha maswali! Makofi kwa sistimu, tafadhali!

(Hakuna anayepiga. Hata mama mkwe ameshusha mikono.)

(Mama fundi cherehani: "Jana? Jana saa tisa nilikuwa mlangoni kwenu! Nimeambiwa nirudi baada ya uzinduzi! Nina sare hamsini na mbili za watoto wa watu mle ndani, shule zinafunguliwa Jumatatu, cherehani mbili, na mama yangu mgonjwa anakula kwa kile kibanda. Kesho saa moja nikamweleze nini?" Anakaa, anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Tangazo hilo nililichapa mimi, wiki tano zilizopita. Niliambiwa liwekwe kwenye faili, nikaliweka, nikaenda kula. Naandika hapa kwamba naona aibu.)

Mama, machozi yako tumeyapokea kama fidibeki, na yatafanyiwa kazi. Tatizo la wakazi wetu ni kutofuatilia! Ubao umesimama, tangazo limebandikwa siku thelathini nzima, nyinyi mnashinda kwenye vyerehani na randa zenu, halafu mnakuja kulia mbele ya wageni. Maendeleo hayana huruma, lakini yana adabu, yanajulisha kwanza.

(Minong'ono. Bibi mmoja wa safu ya nyuma: "Adabu gani hiyo ya kumjulisha mtu akiwa ameshazikwa?")

Tusipoteze muda. Sasa naomba nivute kitambaa hiki, huku tukihesabu wote. Moja! Mbili!

(Anahesabu peke yake. Kitambaa kinaanguka. Nyuma yake kuna mlango. Mlango wa mbao, umepakwa vanishi, una kitasa na tundu la ufunguo. Kicheko kinaanzia kwa dobi na kuenea ukumbi mzima. Mama fundi cherehani anainua uso, anamgeukia fundi seremala: "Shemeji! Si mlango wako ule?" Fundi anajikuna kichwa: "Ndio. Waliniambia wanauweka ofisini tu, nusu siku.")

Utulivu! Utulivu, ndugu zangu! Mnachokiona ni ubao wenye teknolojia ya kisasa, na hiki kitasa ni cha kufungulia taarifa. Wenzetu waliotangulia wote wanatumia hivi. Sasa semeni pamoja nami: Taarifa ni haki! (Dobi anacheka.) Mkazi aliyejulishwa ni mkazi aliyetulia! (Kikohozi.) Ubao kwanza! Ubao kwanza! Ubao, eh, basi, nimalizie na shukrani, ambazo zimechapwa kwenye ukurasa wa mwisho.

(Ukurasa wa shukrani niliuchapa mimi jana na kuumalizia leo asubuhi. Mkurugenzi huwa hasomi kitu kabla ya kukisoma hadharani. Anavaa miwani.)

"Kwa niaba ya Idara, napenda kumshukuru mgeni rasmi kwa kutofika mapema. Namshukuru mke wa Mkurugenzi kwa kitambaa cha buluu, ambacho ni pazia la sebuleni na kinahitajika jioni. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala, ambaye leo asubuhi saa mbili na nusu ametuazima mlango wa mteja wake ili tuwe na kitu cha kufunika, kwa kuwa Ubao Mkuu wa Taarifa wenyewe haujawahi kutengenezwa, wala kuchorwa, wala kuagizwa, na kwenye korido ya ndani hakujawahi kuwa na kitu chochote ukutani isipokuwa msumari mmoja na kalenda ya mwaka juzi. Asanteni kwa..." Asanteni kwa... Nani ameandika hivi? Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayecheka sasa. Mama fundi cherehani amesimama, safari hii hakuna anayemvuta. Anakuja mbele, taratibu, futi yake ikining'inia shingoni.)

(Mama: "Mheshimiwa, nina swali moja, dakika mbili zangu hazijaisha. Umesema siku thelathini zinahesabiwa tangu siku ya kubandikwa kwenye Ubao?")

Ndivyo kifungu kinavyosema, mama, lakini muktadha...

("Na ambalo halijabandikwa ni karatasi ya kufungia misumari?")

Nilisema kwa mapana yake, kwa lugha ya picha...

("Na Ubao haujawahi kuwepo. Basi siku thelathini hazijaanza hata moja. Nani atakuja kunibomolea kesho, na kwa tangazo gani?" Fundi seremala anapiga makofi. Dobi naye. Ukumbi mzima unasimama. Bibi wa nyuma: "Njia ya mwongo fupi! Amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe!")

Ndugu zangu, naomba hayo ya mwisho yasiingizwe kwenye kumbukumbu. Karani! Karani, futa kuanzia shukrani!

(Mama fundi cherehani ananigeukia: "Mwanangu, umeandika?")

(Nimeandika, mama. Kila neno, hata koma, kama nilivyoagizwa. Nakala yako hii hapa. Mhuri ninao mimi, na nimeugonga kwa tarehe ya leo. Fundi seremala amepanda jukwaani, amejitwika mlango wake, na Mkurugenzi amempisha. Hafla imefungwa saa sita na robo.)